Rundo na Lundo

Tulimzika Mwalimu Kaijage huko Buhongwa, kwenye kiwanja alichokinunua wakati bado ni shamba la mihogo. Baada ya maziko tulikaa chini ya turubai kula wali na nyama, nikajikuta bega kwa bega na Kabula. Tulikuwa tumeonana mara nyingi mjini, tukasalimiana na kuulizana habari za watoto, lakini hatukuwa tumekaa kula pamoja tangu mwaka ule tulipofanya kazi kwa Mwalimu, mwaka ambao ziwa lilimchukua mdogo wake, Shija. Binti wa marehemu alikuwa akigawa soda. Aliinama mezani kwetu akasema, kama mtu anayetafuta jambo jepesi la kumkumbuka baba yake, "Mnakumbuka alivyokuwa mkali wa lugha? Ukisema 'habali' hupiti mlangoni. Halafu mwaka fulani akaacha kabisa. Hata kwenye redio mtu akichanganya r na l, ananyamaza tu. Hatukujua kwa nini." Kabula aliweka kijiko chake kando ya sahani na hakukishika tena. Sisi wawili tulijua kwa nini. Nimeona niliandike, kwa sababu Mwalimu hayupo tena wa kuumia, na kwa sababu nafundisha vijana kazi ileile na kila mwaka nafika kwenye somo lile nikatafuta pa kuanzia.

Chumba chetu kilikuwa Mabatini, juu ya duka la nyavu. Sakafu ilikuwa ya mbao, na mbao zilikuwa zimeachana kiasi kwamba kalamu ikidondoka unaiomba kwa mwenye duka. Juu yetu bati, chini yetu harufu ya nailoni mpya na kamba. Kulipokuwa na jua bati lilitoa milio kama mtu anayevunja vidole, na kompyuta zetu tatu zilipumua hewa ya moto miguuni mwetu. Mchana tulikula matobolwa ambayo Kabula alileta kwenye kopo, viazi vile vikavu vilivyochemshwa na karanga, au nilishuka kununua ugali na dagaa kwa mama mmoja aliyepika nyuma ya duka. Tulikula kimya kimya, maana chakula cha mchana ndicho kilikuwa na mazungumzo mazuri kutoka chini. Wavuvi walikuja kununua nyavu na taa, na sauti zao zilipanda kwenye nyufa za sakafu kama moshi. Mwaka ule walizungumza upepo tu. "Umebadilika," mmoja alisema. "Zamani ulikuwa unabisha hodi. Siku hizi unakuta umeshaingia ndani." Siku nyingine nilimsikia mwenye duka akimwambia mteja kwamba nyavu anazozitaka zina mwenyewe, ziliagizwa mwezi uliopita. Mteja akajibu, bila kupandisha sauti, "Nipe tu. Yule aliyeagiza hatakuja." Tukaacha kutafuna.

Hilo ndilo lililokuwa kazi yetu: upepo. Mwalimu Kaijage alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla ya kujifunza kompyuta, na alikuwa amepata wazo la kuwatumia wavuvi meseji kila ilipotangazwa hatari ya upepo ziwani. Manahodha wa mitumbwi wangeandikisha namba zao; onyo likitoka, Mwalimu angeliandika mara moja, na programu ingempitia kila aliyeandikishwa na kumtumia. Programu tuliiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Java. Mimi nilipewa sehemu ya kutunza namba, Kabula sehemu ya kuzipitia na kutuma. Java ina orodha zake zilizotengenezwa tayari, na leo ningemwambia mwanafunzi yeyote atumie hizo na alale salama. Mwalimu alikataa. "Mtu akila ugali kila siku bila kujua kuusonga," alisema, "siku mpishi akisafiri atalala njaa. Hiki chombo kimoja mtakijenga wenyewe."

Msomaji ambaye hajawahi kuandika programu asiogope hapa, si mbali. Safu katika Java ni kama trei ya mayai. Unapoitengeneza lazima useme ina mashimo mangapi, na hayo mashimo hayaongezeki maisha yake yote. Yai la ziada likija huwezi kulivuta trei likue. Unachukua trei jingine kubwa zaidi, unahamisha mayai yote kwa mpangilio uleule, unaweka lile la ziada, na kuanzia hapo unalitumia trei jipya. Lile la zamani linabaki pale lilipokuwa. Java ina njia fupi ya kuhamisha hivyo, mstari mmoja tu, ukishazoea unasahau kabisa kwamba kuna matrei mawili. Safu pia ina tabia ya pili: tangu kuzaliwa inajua inabeba nini. Ya mayai ni ya mayai, ya ndizi ni ya ndizi. Sisi tulitaka chombo kimoja cha kubeba chochote, namba za manahodha leo, majibu ya meseji kesho, kwa hiyo mahali pa jina la kitu tuliandika herufi T, yaani "aina yoyote utakayoitaja baadaye". Hapo ndipo Java inakataa. Huwezi kuiambia itengeneze safu ya T, kwa sababu programu inapoanza kutembea ile T imeshafutwa, na safu haiwezi kuzaliwa bila kujua inabeba nini. Njia ya kupita ni kutengeneza safu ya vitu vyovyote, kisha kuapa kwamba hii ni safu ya T. Ndivyo nilivyofanya. Nilitengeneza nafasi mia moja, nikaapa, na safu nikaipa jina rundo.

Kompaila, yaani ile programu inayosoma tulichoandika kabla hakijaanza kufanya kazi, ilikubali lakini ikatoa onyo. Ilisema kiapo changu haiwezi kukithibitisha. Mwalimu aliliona akavuta kiti. "Umeapa mbele ya nani, Nyangeta?"

"Mbele ya Java, Mwalimu."

"Na Java imekujibu nini?"

"Imesema imeshasikia, ila nikiumbuka nisiilaumu."

Hakucheka. Kwa karibu wiki nzima tulichunguza mstari ule mmoja. Alinifundisha kwa uvumilivu ambao nimejaribu kuuiga maisha yangu yote. Alinifanya nionyeshe kila mlango ambao kitu kinaingilia kwenye chombo, nithibitishe kwamba hakuna mlango hata mmoja unaoweza kupitisha kitu kisicho T, kwamba safu yenyewe haitoki nje ya chombo. Nilipomaliza, akaniruhusu kuandika lile neno linaloziba mdomo wa onyo. Kiapo changu kilikuwa halali. Nasema hivi kwa sababu baadaye watu walidhani kosa lilikuwa pale. Pale palikuwa salama kuliko mahali pengine pote kwenye programu. Mashine ilitupigia kelele pasipokuwa na hatari, na sisi tukakimbilia kwenye kelele.

Kabula alizaliwa na Kisukuma mdomoni, na kwake r na l zilikuwa ndugu wanaoazimana nguo. Mwalimu alikuwa Mhaya wa shule za zamani. Kila asubuhi ilikuwa mchezo. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba. Umelala?" "Nimerara vizuri." "Umefanya nini?" "Nimelala, Mwalimu, nimelala!" Mimi Mjita, na sisi pia hatuna hati safi katika jambo hilo, kwa hiyo nilinyamaza nisije nikaitwa mbele. Mwalimu alikuwa anampenda Kabula kama mwanawe, na yeye alilijua hilo, lakini mtu akichekwa kila siku kwenye jambo lilelile huwa anaanza kulilinda. Siku Kabula alipoandika sehemu yake, ile ya kuzipitia namba moja moja, aliita safu lundo. Kompaila ikamwambia haijui kitu kinachoitwa lundo. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha chai.

"Hata mashine imekukataa. Ni rundo, mama. Rundo. Rrr."

"Kwetu ni lundo, Mwalimu."

"Kwenu wapi? Kiswahili hakina kwenu."

Mwalimu alipokwenda kuongeza chai, Kabula alipanda juu ya ukurasa, chini kidogo ya mstari wangu, akaandika mstari mmoja:

T[] lundo = rundo;

"Haya," aliniambia kwa sauti ya chini, akicheka kwa pua. "Sasa Java inajua Kisukuma." Kompaila haikusema neno. Hakuna kosa, hakuna onyo. Tulijaribu programu kwa namba zetu na za mwenye duka, ikatuma kote.

Msomaji aangalie mstari ule, kwa sababu ndio wenye kila kitu. Haukutengeneza safu ya pili. Ulimpa mtu yuleyule jina la pili. Namba niliyoiweka kwenye rundo ilionekana kwenye lundo, kwa kuwa ni trei moja lililoitwa kwa majina mawili, na lingeendelea kuwa moja maadamu halijajaa. Siku litakapojaa, chombo changu kitachukua trei kubwa, kitahamisha mayai, na kuliita trei hilo jipya rundo. Jina la lundo hakuna atakayelihamisha. Litabaki na trei la zamani. Nami nitaandikisha watu kwenye moja, na Kabula atatuma kwa kusoma jingine. Laiti angezipitia namba kwa kuhesabu waliopo, programu ingeanguka kwa kishindo mara tu hesabu ilipozidi nafasi, nasi tungejua. Yeye alizipitia kwa njia fupi na nadhifu zaidi, ile inayosoma trei mpaka mwisho na kuruka mashimo matupu. Ilifika mwisho wa trei la zamani kwa amani, ikatangaza imemaliza.

Onyo la kwanza tulilituma wakati wa masika, waandikishwa wakiwa bado wachache. Upepo ulikuja kama ulivyotangazwa, na mitumbwi iliyopokea meseji haikutoka. Kesho yake chini ya sakafu hakukuwa na mazungumzo mengine. "Simu iliniambia tulia, nikatulia," mtu alisema, na wenzake wakamwitikia. Sifa zilivuka ghuba kabla yetu. Simu zilianza kuingia, watu wakitaka kuandikishwa, na mialo ya upande wa Sengerema, fukwe wanakoegesha wavuvi, ikaomba twende wenyewe. Tulifurahi. Siku hizi nikikumbuka ile furaha natamani kumshika mkono msichana yule niliyekuwa, maana ni sifa zilizokuwa zinalijaza trei.

Nilivuka na Kabula. Mwalo wa kina Shija ulikuwa mdogo, mitumbwi michache, vichanja vya dagaa, na wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa juani huku wakifukuza ndege. Shija alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi akifunga taa za sola kwenye maboya. Alikuwa kijana mrefu, mwenye kicheko cha kuchelewa, kama anayekipima kwanza. Alimtazama dada yake akitoa karatasi na kalamu.

"Dada, mimi huwa naangalia kule," alisema, akionyesha kusini kwa mdomo. "Maji yakiwa meusi kama tako la sufuria, sitoki. Sasa unataka niangalie hiki kidude?"

"Angalia vyote viwili."

"Mtu ana macho mawili, lakini anaangalia kitu kimoja."

Mkewe, Nyamizi, hakuinua kichwa kwenye dagaa. "Wifi, wewe mwandike tu. Mimi nikimwambia asiende ananiita mwoga. Labda simu atatii, simu haijamwomba sabuni."

Wote wakacheka, na Shija akataja namba yake. Mwalo mzima uliandikishwa siku ile. Tuliporudi niliziingiza namba zile mwenyewe, na nilipoingiza ya kwanza tu, trei lilikuwa limejaa, likabadilishwa, kama nilivyoliandika lifanye. Nilijisikia fahari. Kila kitu nilichokijenga kilifanya kazi yake sawasawa.

Siku yenyewe ilikuwa ya giza la mwezi, wakati dagaa wanapofuata taa. Asubuhi Mwanza ilikuwa shwari kiasi kwamba moshi wa majiko ulisimama wima. Onyo lilitufikia saa sita mchana. Mwalimu akaliandika: UPEPO MKALI LEO JIONI. MSIINGIE ZIWANI. Akabonyeza, tukaona majina yakipita kwenye kioo, kila moja likiandikwa "imetumwa", kisha baada ya muda "imepokelewa" pale simu ya mwenyewe ilipoipata meseji. Tukala. Chini, mwenye duka alikuwa akimwambia mtu kwamba nchi ikinyamaza hivi siyo uzima. Karibu saa kumi Kabula alirudi kwenye kioo kutafuta jina la mdogo wake, si kwa wasiwasi, kwa raha tu ya kuliona. Alishuka mpaka mwisho. Akapanda. Akashuka tena.

"Dada Nyangeta, Shija hayupo."

"Yupo. Nilimwingiza mwenyewe."

Nilifungua sehemu yangu, nikamwonyesha: Shija yupo, na Sengerema yote ipo. Tukafungua sehemu yake: hayupo, na wenzake wote wa ule mwalo hawapo. Alimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Akawapigia wengine wa pale, zote zimezimwa. Nilisoma programu kutoka juu, na Mwalimu akisoma juu ya bega langu, na tulifika kwenye ule mstari kwa pamoja. Bati lilikuwa limeanza kugonga, kile kishindo cha kwanza cha upepo.

"Nani aliandika hii?" Mwalimu aliuliza.

"Mimi," Kabula alisema. "Ulisema si lundo."

Nilibadilisha herufi moja. Nilifuta mstari wake, nikaandika r palipokuwa na l, na tukatuma upya. Majina ya Sengerema yalipita yote. Imetumwa, imetumwa, imetumwa.

Yaliyotokea ziwani tuliyajua baadaye, kutoka kwa wenzake wawili waliookolewa wakiwa wameshikilia dumu la mafuta. Walisema maji ya kusini yalikuwa meusi. Waliyaona. Mmoja alisema waahirishe, na Shija akatoa simu, akaitazama, akasema, "Ingekuwa hatari wangeshatuambia." Kisha akaizima, kama walivyofanya wote kutunza chaji, akaiacha kwa mkewe, maana maji huua simu. Hilo ndilo jambo ninalowaeleza wanafunzi wangu kwa muda mrefu kuliko kiapo na kuliko trei. Kabla hatujaenda kwao, kimya cha simu hakikuwa na maana yoyote kwa Shija. Sisi ndio tuliokipa maana. Tuliichukua tabia yake ya kutazama kusini tukampa kitu ambacho, kikinyamaza, kilimwambia nenda.

Wiki ile ilipokwisha Mwalimu alileta kamusi kutoka nyumbani. Alitafuta ukurasa, akasoma akiwa amesimama, kisha akatuwekea mezani. Rundo ilikuwepo. Lundo nayo ilikuwepo, kwa maana ileile, bila alama yoyote ya kuikemea. "Neno lako lilikuwa sahihi, Kabula," alisema. "Lilikuwa moja. Mimi ndiye niliyelifanya liwe mawili." Kabula alimjibu kwamba mstari aliuandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna kati yao aliyemshinda mwenzake katika mabishano hayo, na nadhani ndiyo maana hatukukaa kula pamoja miaka yote ile. Kabula aliacha kazi mwezi huohuo. Maonyo yaliendelea kutumwa, na watu wengi walirudi nyumbani kwa sababu ya maonyo hayo.

Lakini nimeiruka asubuhi moja, na ndiyo iliyomfanya Kabula aweke kijiko chini pale msibani. Ilikuwa kesho yake baada ya upepo ule. Vivuko vilikuwa vimesimama kwa ajili ya upepo, kwa hiyo Kabula hakuwa na njia ya kwenda kwao, na mtandao wa upande ule ulikuwa ukija na kupotea. Alikuja kazini kwa kuwa ndiko kulikokuwa na kioo. Hakuna aliyekuwa anajua lolote bado. Mwalimu alileta chai na maandazi, hayakuguswa. Majina ya mwalo ule yalianza kubadilika moja moja, kadiri simu zilivyowashwa, na Kabula aliyasoma kwa sauti kama mtu anayeita darasa. Kisha akaruka, kiti kikaanguka.

"Imepokelewa! Shija! Dada, amepokea!"

Alinikumbatia akaniinua. Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasogea kwenye kioo. "Simu imewashwa," alisema. "Simu ya mtu haijiwashi." Kabula alikuwa anacheka na kulia, akisema atamchapa, atamchapa mbele ya mkewe. Simu yake ikaita palepale mezani, na jina likajitokeza, Shija, na yeye akainyakua.

"We mjinga! Unajua ulivyotutesa?"

Akasikiliza. Nilimwona akigeuka polepole kuelekea dirishani, upande wa ziwa.

"Wifi," alisema, "mbona simu unayo wewe?"